Rahisi Sawa, Lakini Jina Liko Wapi?

Nyimbo nzuri kuliko zote nilizo nazo hazina majina. Moja inaitwa "Track 07", nyingine "Track 31", na kuna moja yenye gitaa la kukufanya usahau mtihani wa kesho ambayo faili lake limeandikwa "zilipendwa mpya mpya 2". Zote ziko kwenye flashi ya GB 8 niliyojaziwa Tandika, karibu na sokoni, kwa shilingi elfu tatu. Nyimbo 214 kwa elfu tatu! Hata zile wiki za mwisho wa semista, bumu likiwa limebaki stori na watu tunaishi kwa chai na maandazi, bei hiyo inavumilika.

Ukikaa Kinondoni, Manzese, Temeke au Mbagala unawajua vijana wanaofanya kazi hii. Meza moja, kompyuta moja, spika inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara, na ubao ulioandikwa kwa mkono: gospo, singeli, taarabu, Bongo Fleva, zilipendwa. Kwa maoni yangu hao ndio lebo ya rekodi ya mwanafunzi asiye na hela. Redio nyingi haziupigi muziki wanaotupa, na madukani huukuti, kwa sababu maduka ya muziki wenyewe tunayasikia kwenye hadithi tu. Nawaheshimu, na makala hii si ya kuwasema.

Hoja yangu ni moja. Bei rahisi si tatizo, ndiyo iliyouokoa muziki wa dansi usipotee kabisa. Tatizo ni kwamba unatufikia umevuliwa majina: bendi gani, nani kaimba, nani katunga, mji gani, mwaka gani. Muziki usio na jina haulipwi na hautafutwi, na mwisho hata anayeupenda hawezi kumwambia mwenzake ausikilize upi. Kuurudishia majina hakuhitaji mfadhili wala semina ya siku tatu yenye posho. Kunahitaji watu wenye simu, wenye jioni mbili tatu, na waliofundishwa kwamba kila kauli lazima iwe na rejea. Yaani sisi.

Kwanza tuelewane ni muziki upi. Sizungumzii zile nyimbo ishirini ambazo kila MC wa harusi anazo. "Harusi" ya Afro 70, "Zuwena" ya Marijani Rajab, "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, "Mary Maria" ya Vijana Jazz: hizo zina wenyewe, hata mtoto wa miaka kumi anaziitikia. Sina ugomvi nazo. Lakini bendi hizo hizo zilirekodi nyimbo nyingi kuliko hizo, na wenzao wengi walirekodi zao, na karibu zote tumezitupia kwenye folda moja linaloitwa zilipendwa. Hebu liangalie neno lenyewe. Kitenzi kiko wakati uliopita. Zilipendwa, basi, zimekwisha kupendwa, kazi imefungwa. Ukishauweka wimbo humo unaona huna haja ya kuuliza zaidi.

Majina hayakudondoka kwa siku moja. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Baada ya uhuru taasisi za umma zikaanza kumiliki bendi. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianzishwa mwaka 1964, na ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Bendi iliyorekodi hapa nyumbani ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kule Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri aliitafuta Nairobi. Kisha Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa mwaka 1983.

Kwa hiyo nyimbo nyingi za miaka ile hazikuwahi kupata jalada. Zilibaki kwenye mikanda ya redio. Watu wakazirekodi nyumbani kwa redio kaseti, kaseti ikazaa kaseti, kaseti ikazaa CD, CD ikazaa flashi ya elfu tatu. Mtangazaji alikuwa anataja jina la bendi hewani, lakini aliyekuwa nyumbani alingoja amalize kuongea ndipo abonyeze kitufe cha kurekodi. Hakutaka maneno, alitaka wimbo. Hapo ndipo jina la kwanza lilipobaki nje, na kila nakala iliyofuata ikabeba wimbo peke yake.

Basi nikutajie rekodi tano ninazozipenda, ambazo ningependa uzisikie kabla hujahitimu. Zote nilizipata kwa bei ya meza ya mtaani, na zote zilinilazimu kwenda kutafuta majina kwingine.

Ya kwanza ni ya Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro. Huyu alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Kwangu yeye ndiye "Track 31". Nilimpata kwa sababu lebo ya Kijerumani inayoitwa Dizim ilitoa CD ya nyimbo zake, Ngoma Iko Huku, rekodi za kati ya mwaka 1955 na 1965, na orodha yake inapatikana mtandaoni. Nikakaa na orodha mkono huu, flashi mkono huu, nikilinganisha wimbo kwa wimbo. Sikiliza rumba yake. Mdundo umetoka Kuba, lakini namna ya kubembeleza ni ya Morogoro kabisa: mtu anasema neno zito bila kupandisha sauti. Siku hizi tukitaka kusema neno zito tunaanza kwa kupiga kelele.

Ya pili ni ya Mbaraka Mwinshehe, lakini si ile unayoijua. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70, na ipo rekodi yenye jina hilo hilo, "Expo 70". Fikiria: vijana kutoka Morogoro, nchi ina miaka tisa tu ya uhuru, wamekwenda kupiga gitaa Japani. Gitaa lake katika rekodi za Morogoro Jazz linaongea kama mtu wa tatu aliyeingilia mazungumzo ya waimbaji wawili. Mwaka 1973 alianzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajafikisha hata miaka 35. Nimekutana na watu wanaoijua "Shida" neno kwa neno ambao hawajawahi kusikia habari za Osaka.

Ya tatu ni "Rosa Nenda Shule" ya Safari Trippers. Marijani Rajab tunamjua kwa Dar International na "Zuwena", lakini kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1972, alikuwa na Trippers. Sauti ni changa, haijapata ule uzito tuliouzoea, na bendi inakwenda mbio kidogo kama wanaogopa muda wa studio utaisha. Jina la wimbo limejieleza lenyewe. Wapigie wanaosema muziki wa zamani ulikuwa mapenzi matupu. Wapigie pia mabinti wa mwaka wa kwanza wanaotaka kuacha chuo kwa sababu ya mtu mwenye gari.

Ya nne naipenda kwa sababu ya ujanja wake. Miaka ya 70 Vijana Jazz ilikuwa bendi ya umoja wa vijana wa chama tawala. Bendi ya namna hiyo haiwezi kujiendea Nairobi tu ikauze nyimbo. Hata hivyo mwaka 1975 Hemedi Maneti na wenzake walirekodi huko, na kwenye santuri jina la Vijana Jazz halikuonekana. Walijiita Koka Koka. "Niliruka Ukuta" imetokana na kipindi hicho. Kwa hiyo kuna wakati jina lilifichwa makusudi na wanamuziki wenyewe, kwa sababu walijua lina uzito. Ukilikuta faili limeandikwa Koka Koka ukadhani ni bendi nyingine, hujakosea sana, umenaswa kwenye mtego ule ule waliomtegea bosi wao.

Ya tano ni Mlimani Park, Sikinde Ngoma ya Ukae. Bendi hii ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, ikachukua jina la baa ya Mlimani Park, na mwaka 1983 ikahamia kwa DDC, shirika la maendeleo la jiji. Muhiddin Gurumo, Hassani Bitchuka, Cosmas Chidumule, Michael Enoch: orodha hiyo ni timu ya taifa. Jina la Mlimani tunajitapa nalo kwenye fulana, lakini waulize wana-Mlimani kumi wakutajie nyimbo tatu za bendi iliyobeba jina hilo. Lebo ndogo ya Africassette, ya Detroit kule Marekani, ilitoa CD iliyoitwa Sikinde yenye nyimbo zao za miaka ya 80. Sikiliza wanapoingia wapuliza vyombo baada ya ubeti, wote kwa pumzi moja, halafu magitaa yanaachiwa uwanja. Mpaka leo sijasikia kitu cha kukizidi.

Sasa tazama majina niliyoyapata nimeyapata wapi. Ujerumani. Marekani. Ukiongeza mfululizo wa Zanzibara, ambao juzuu yake ya tatu, Ujamaa, ina bendi zetu za miaka ya 60, unafika Paris kwenye lebo ya Buda Musique. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anataka kujua nani kapiga gitaa Morogoro, inabidi apitie Paris. Siwalaumu wa Paris. Wamefanya kazi, na wameiandika. Swali ni kwa nini nakala inayouzwa Tandika, kilomita chache kutoka studio ilikorekodiwa, ndiyo isiyojua chochote.

Nilimuuliza kijana wa meza.

"Kaka, huu wimbo wa nani?"

"Dada yangu, hizo ni zilipendwa. We sikiliza tu, utafurahi mwenyewe."

"Jina la bendi je?"

"Mimi mwenyewe nimezipata hivyo hivyo kwa jamaa. Angekuwa nayo majina, ningekuachia?"

Kweli tupu. Hajaficha kitu. Kapewa hivyo, naye kaniuzia hivyo.

Kwa hiyo nikaenda kwa wenye majina. Temeke, jirani na tunapokaa, kuna kijiwe cha kahawa cha wazee. Jioni moja nikafika na simu yangu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Naomba mnisaidie. Huyu anayeimba ni nani?"

Nusu dakika haikupita. Mmoja akasema huyo Bitchuka. Mwingine akasema ndiyo, lakini msikilize anayempokea, huyo Gurumo. Wa tatu akaanza kubisha: je, wimbo ulirekodiwa kabla bendi haijahamia DDC au baada? Wakabishana mpaka kahawa ikapoa, wakitumia ushahidi ambao profesa yeyote angeukubali: mpuliza saksafoni fulani alikuwa bado hajahama, kwa hiyo haiwezi kuwa mwaka ule. Mmoja alinieleza jambo ambalo sikulijua. Ukikwama, alisema, ngoja katikati ya wimbo, watautaja mtindo wao wenyewe. Bendi za dansi zilikuwa na mitindo, na waimbaji waliitaja ndani ya nyimbo kama muhuri. Saboso, hao Western Jazz. Super Bomboka, hao Dar International. Ogelea Piga Mbizi, hao Maquis. Bendi zile zilikuwa zimejiwekea nembo ambayo hata kaseti ya tano ya wizi isingeweza kuifuta. Jioni ile nilirudi na majina kumi na moja, na deni la vikombe sita vya kahawa.

Wazee wale ndio orodha kamili, na haijaandikwa mahali. Gurumo alitutoka Aprili 2014. Waliomcheza ukumbini nao wanapungua, na hakuna anayewauliza kitu zaidi ya "mzee, umeamkaje".

Kuna watakaosema vitu rahisi ndivyo vilivyo, ukitaka kijitabu na majina kanunue cha ghali. Si kweli, na mfano upo mbali kabisa na sisi. Mwaka 1987 Mjerumani mmoja aliyekuwa akiishi Hong Kong, Klaus Heymann, alianzisha lebo ya Naxos, akauza CD za muziki wa kizungu wa okestra kwa bei ya chini mno kuliko za makampuni makubwa. Alipunguza gharama kwa kutumia okestra zisizo na umaarufu, nyingi za Ulaya Mashariki. Kabla ya hapo, mwaka 1982, alikuwa ameanzisha lebo nyingine, Marco Polo, iliyokuwa ikichimbua watunzi wa karne ya 19 waliosahauliwa. Mmoja wao ni Joachim Raff, aliyefariki mwaka 1882 akiwa ameacha simfoni kumi na moja zenye namba. Enzi za uhai wake alikuwa mtu mkubwa, baadaye wakamsahau kama sisi tulivyoisahau Kilwa Jazz.

Utaniuliza Raff ananihusu nini mimi mtoto wa Temeke. Ananihusu hivi: hata ile CD rahisi kuliko zote ya Naxos inakwambia mtunzi nani, okestra ipi, aliyeiongoza nani, na ilirekodiwa mji gani. Walipunguza bei kila mahali isipokuwa hapo. Ndiyo maana leo mtu asiyemjua Raff anaweza kukutana naye kwa bahati, akampenda, akamtafuta tena. Mpenzi wa "Track 07" hana pa kuanzia.

Sisi wanachuo tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Ukiandika insha ukachukua aya ya mtu bila kumtaja, hiyo ni wizi wa kitaaluma, na unaweza kulala na sifuri yako. Hata desa la kupeana bwenini, tukilipata bila jina la mwalimu wala namba ya kozi, tunauliza: hili la nani, la mwaka gani, tunaliamini vipi? Zilipendwa ni desa kubwa la taifa lililochanwa ukurasa wa kwanza, na hakuna anayeuliza.

Tena jina ni hela. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu. Mbaraka kafa 1979, tungo zake zinalindwa mpaka 2029. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, kafa Machi 1995, zake ni mpaka 2045. Hizi si mali zisizo na mwenyewe zilizookotwa barabarani. Na Marijani huyo huyo, miaka yake ya mwisho, alikuwa akiuza kanda kwenye kibanda ili apate riziki. Mtu ambaye nchi nzima ilimwimba, yuko kibandani anauza kaseti.

Najua kuandika jina kwenye faili hakulipi familia ya mtu, na hakuigeuzi nakala ya mezani kuwa halali. Lakini mfumo wowote wa mirabaha, uwe mzuri au mbovu, unaanza na swali moja: huu wa nani? Baa ikipiga wimbo usiku kucha na hakuna anayejua wa nani, hata mkaguzi mwaminifu kuliko wote ataandika nini kwenye fomu yake?

Wapo pia wanaosema mambo ya wazee tuwaachie wazee, sisi tuna singeli. Nami naipenda singeli, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Muziki huu umezaliwa kwenye mitaa yetu hii hii, Manzese, Tandale, Mburahati, na umesambaa kwa njia ile ile ya meza na simu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na majina ya waliozifanya yakaandikwa. Nani kwenye korido lako anajua jina la prodyuza wa singeli iliyo kwenye simu yake sasa hivi? Tusipobadilika, mwaka 2060 kuna mtoto atauziwa folda la nyimbo 500 za Mburahati zisizo na hata jina moja, na sisi ndio tutakuwa wazee wa kahawa wanaobishana.

Na kuna hatari ya upande wa pili. Panda daladala yoyote inayopita Sinza, utamsikia konda anaita: "Kwa Remmy wapo?" Remmy Ongala alikaa pale, na alipofariki Desemba 2010 kituo kilibaki na jina lake. Mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ilitolewa na lebo ya Real World ya Uingereza. Abiria wangapi wanaoshuka kwa Remmy wanaweza kuimba wimbo wake mmoja? Remmy ana kituo lakini nyimbo zimemkimbia. "Track 07" ni wimbo uliokimbiwa na mwenyewe. Tunaweza kuvikutanisha.

Napendekeza hivi, na nawaomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi walichukue. Kila anayetaka achague nyimbo kumi tu zisizo na jina kutoka kwenye simu au flashi yake. Akienda nyumbani wikiendi, Mbagala, Kimara, Tegeta, popote, awapigie wazee wa mtaa wake, awasalimie vizuri, na awanunulie kahawa. Aandike mambo matano: bendi, mwimbaji, mtunzi, jina la wimbo, na mwaka au angalau kipindi. Wazee wakipingana, aandike pande zote mbili, maana hivyo ndivyo utafiti unavyokwenda. Pasipojulikana aweke alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza ni bora kuliko jina la kubuni, kwa sababu inamwambia mwingine kuna kazi imebaki.

Kisha tuunganishe orodha zetu. Wenzetu wa Idara ya Sanaa Bunifu wana masikio ya kutambua gitaa la nani ni lipi. Maktaba yetu ina mkusanyiko wa East Africana, na orodha yenye majina ya waliosikiliza na waliohojiwa inastahili kukaa humo kama inavyokaa tasnifu. Ikifika mahali tunakwenda kuomba mikanda ya redio ya taifa ifunguliwe kwa wanafunzi, tutakwenda na maswali yaliyoandikwa, hatutakwenda mikono mitupu.

Nakala moja ya orodha hiyo, pamoja na mafaili yaliyobadilishwa majina, ipelekwe kwenye zile meza za Tandika, Manzese na Mbagala, bure. Yule kijana alishaniambia angekuwa nayo majina angeniachia, nami namwamini. Atakayekuja mwaka kesho na elfu tatu yake aondoke na wimbo, na ajue ni wa nani.